Staka mpya, paleti za kufuli: kisa cha ghala moja la Moshi

Nilitoka Arusha alfajiri na boksi la sili za haidroliki, oili lita 5 na geji ya presha, kwa sababu mama mtunza ghala alikuwa ameniambia kwa simu: "Fundi, ile staka mpya haipandishi." Staka ni mashine ya ghalani ya kuinua mzigo uliopangwa juu ya paleti, yaani kichanja cha mbao. Kilomita 80 hivi mpaka Moshi, na kabla sijafika Boma Ng'ombe nilishaitengeneza kichwani. Ama valvu ya presha imelegezwa, ama pampu imevuta hewa, ama betri imekaa muda mrefu njiani ikachoka. Boksi lile sikulifungua siku ile. Nalitaja mapema kwa sababu katika kisa hiki kila mtu alikuwa na jibu kabla ya kuinama na kutazama, na mimi nilikuwemo.

Ghala ni la zamani, upande wa stesheni ya reli, la wakati ule mzigo ulipokuwa unatoka kwenye behewa na kuingia ndani bila kugusa ardhi. Sakafu yake imeinuliwa mita 1.1, na mbele kuna baraza refu la zege. Siku hizi mzigo unakuja kwa malori kutoka Dar es Salaam: mbolea, mifuko ya kilo 50, imepangwa kwa mkono mpaka juu, bila paleti hata moja ndani ya lori. Tani 30 ni mifuko 600. Vibarua wanaishusha begani, wanaipanga juu ya paleti pale barazani, kisha jeki ya paleti ya kuvuta kwa mkono inaingiza ndani. Mpaka mwezi Januari kazi yote ya ndani ilikuwa ya jeki mbili na mabega ya watu. Paleti ya kwanza inakaa sakafuni na mzigo wake. Ya pili inawekwa tupu juu ya mzigo huo na kujengwa mfuko kwa mfuko, kijana akipanda juu ya mbolea kama anapanda dari. Msimu wa masika ukikaribia, lori la pili linasubiri nje tangu asubuhi, dereva anapiga honi, na mwenye ghala anahesabu.

Alichotaka kwanza ni foklifti. Kila mwenye ghala anataka foklifti, kama ambavyo kila mwenye duka la vifaa anataka Canter. Alikuwa ameshaona moja ya dizeli ya tani 2.5, mtumba wa Japani, bei si mbaya. Aliyemzuia simjui, ila namshukuru, kwa kuwa foklifti ya aina hiyo ingekuwa msiba. Mzigo wake unaning'inia mbele ya tairi za mbele, na kinachozuia isipinduke ni chuma kizito kilichowekwa nyuma, kwa hiyo mashine ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina karibu tani 4. Ni pembea, na egemeo la pembea ni ekseli ya mbele. Ukibeba tani moja, karibu uzito wote wa mashine na mzigo unahamia kwenye tairi mbili za mbele, juu ya sakafu ya saruji ambayo hakuna anayejua unene wake. Halafu kuna suala la kuipandisha huko juu, maana baraza halina rampu. Kuna na moshi wa dizeli ndani ya jengo lenye milango miwili. Na hata ingepanda, isingegeuka: ikiwa na paleti ya sentimita 120 mbele yake, foklifti ya ukubwa huo inadai njia ya mita 3.6 mpaka 4. Njia ya kati ya ghala hili, nguzo kwa nguzo, ni mita 2.4.

Ya umeme ya tairi tatu inageuka ndani ya njia nyembamba zaidi, lakini bado inapita mita 3. Ile ambayo mlingoti wake, nguzo ya chuma ambayo mzigo unapandia, unateleza mbele kuchukua mzigo na kurudi nyuma, wenye maghala makubwa wanaiita richi traki, ingeridhika na mita 2.8 hivi, lakini hiyo ni mashine ya kufika mita 8 au 10 kwenye rafu, juu ya sakafu iliyonyooka kama meza. Dari hapa ni mita 3.6. Ilibaki staka ya umeme, ile unayotembea nayo ukiwa umeshika mpini: haina uzito mkubwa wa nyuma kwa sababu ina miguu miwili mbele inayokanyaga sakafu na kubeba mzigo. Ni nyepesi, haina moshi, inageuka ndani ya mita 2.4 kwa shida kidogo. Uamuzi ulikuwa sahihi. Walinunua ya tani 1.5, mlingoti wa mita 3.

Mita 3 za nini, sijui. Mzigo wao una urefu wa mita 1.2 kutoka chini pamoja na paleti, na wanapandisha paleti mbili tu. Kinachohitajika ni kuinua mita 1.3. Mlingoti mrefu umeongeza bei, umeongeza uzito, na umemziba dereva macho. Lakini dukani mtu anauliza mambo mawili: inabeba tani ngapi, inapanda mita ngapi. La tatu, lililoleta kisa hiki, hakuna aliyeliuliza.

Nilipofika nilikuta staka iko kwenye kona, imefunikwa turubai, koti la mvua limetundikwa kwenye mpini. Wiki tatu tangu inunuliwe. Niliomba waniletee mzigo nione. Ikaja paleti yenye mifuko 21, tabaka saba za mifuko mitatu mitatu, kilo 1,050 ukiacha paleti yenyewe. Dereva akaiingiza mashine kwa kuisukuma kidogo, ikaruka kitu, ikaingia. Mota ikanguruma, meno mawili ya chuma yanayobeba paleti yakapanda kama sentimita 5, mara sauti ikabadilika. Fundi wa haidroliki anaijua sauti hiyo hata usingizini: oili inarudi tangini kupitia valvu ya usalama. Mzigo haukuendelea kupanda. Nikageuka kwenda kuchukua boksi langu.

Kwenye gogo la baraza alikuwa amekaa mzee mmoja, kiongozi wa vibarua, anakunywa chai. Akasema bila kusimama, "Mwanangu, hiyo ni ya kufuli. Waambie wakuletee ya wazi."

"Shikamoo mzee. Ya kufuli ndiyo ipi?"

"Marahaba. Si uiname."

Niliinama. Paleti ile chini ilikuwa na mbao pande zote nne na moja katikati, imefungwa kama fremu ya dirisha. Sasa, staka waliyonunua ni ya aina ambayo kila mguu umelala moja kwa moja chini ya jino lake. Jino na mguu vinaingia pamoja ndani ya tundu la paleti. Kisha jino linapanda, mguu unabaki chini, na rola za mguu zinatakiwa zikanyage sakafu. Hapa rola zilikuwa zimepanda juu ya ubao wa chini wa paleti. Kwa hiyo meno yalikuwa yanasukuma mbao za juu kwenda juu, huku miguu ikikandamiza mbao za chini za paleti ileile. Mtu amesimama juu ya mkeka na anajaribu kuunyanyua. Misumari ikiwa imelegea, ubao wa chini unang'oka, unapasuka kwa kishindo, na mzigo unapanda. Rundo la mbao zilizopasuka nililoliona mlangoni ndiko lilikotoka. Misumari ikiwa imeshika sawasawa, presha inapanda mpaka valvu ya usalama inafunguka, kama ilivyoundwa kufanya, na mtu anapigiwa simu Arusha.

Wakaleta ya wazi, ambayo chini haina ubao unaokatiza njia ya miguu. Mifuko ileile 21. Ikapanda mpaka mita 1.5 bila kulalamika.

Tulizihesabu paleti zote, mimi na mama mtunza ghala, na mzee akitutajia aina kabla hatujainama. Zilikuwa 140. Za kufuli 86, za wazi 31, na 23 zimekwisha, za kuni. Hakuna hata moja iliyowahi kuchaguliwa. Zilinunuliwa mtumba, nyingine kutoka viwandani Arusha, nyingine zilikuja na mizigo ya kutoka nje zikabaki. Mwenye ghala alikuwa na imani na zile zilizopigwa mhuri wa HT ubavuni, akidhani ni alama ya uwezo wa kubeba. Mhuri ule unahusu wadudu: mbao zilipashwa moto mpaka katikati yake ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, zisisafirishe wadudu hao kutoka nchi moja kwenda nyingine. Haukuambii paleti ina nguvu gani wala chini yake imefungwaje.

Swali lililonisumbua lilikuwa jeki za mkono. Nazo zina rola mbele ya meno, nazo zinatakiwa zikanyage sakafu. Walifanyaje miaka yote? Mzee akacheka. Walifanya kwa mtaimbo. Paleti ya kufuli wakiihitaji wanaigeuza, wanang'oa mbao za chini, jeki inapita. Nyingine wanajua upande wa kuingilia. Kuna zile ndogo za Ulaya za sentimita 80 kwa 120, mbao zake za chini zinakwenda kwa urefu tu, ukiingilia upande wa 80 jeki inateleza, ukiingilia upande wa 120 inagonga. Elimu yote ya paleti ilikuwa imekaa kwenye gogo lile inakunywa chai, na siku ya kununua mashine ya mamilioni hakuna aliyetoka ofisini kuja kuuliza.

Ila mtaimbo nao ulikuwa na deni lake, na hapa ndipo kisa kilipokuwa kitamu zaidi kwangu. Mama mtunza ghala alikuwa na daftari la mifuko iliyochanika. Kwa miezi mingi alikuwa akigombana na vibarua kwamba wanaburuta mifuko kwenye ncha za misumari. Tukaenda kuangalia ilipochanikia. Ilikuwa ya tabaka la juu kabisa la mzigo wa chini, na michaniko imenyooka, mistari mitatu. Mbao za chini za paleti hazikuwekwa kwa urembo. Paleti ya pili ikikaa juu ya mifuko, zile mbao ndizo zinazotandaza uzito wa tani moja. Uking'oa, uzito wote unashuka kwenye magogo matatu membamba yaliyo kati ya mbao za juu na za chini, na magogo yanaingia kwenye mifuko kama kisu kwenye mkate, polepole, hasa lori likipita nje na jengo likitetemeka. Yaani paleti ya kufuli haikuwa kosa la mtu. Imetengenezwa kwa ajili ya kupandishwa moja juu ya nyingine na foklifti, ambayo haina miguu ya kuingiza popote. Kwa foklifti ni paleti nzuri mno. Kwa jeki na staka hii ni mtego. Na ukiifungua kwa mtaimbo unaokoa jeki na kuua mifuko.

Kulikuwa na la pili ambalo dereva alikuwa hajafika kulijua. Ili staka ya miguu iliyo chini ya meno iweke paleti ya pili juu ya ya kwanza, miguu yake lazima iingie ndani ya paleti ya chini. Vinginevyo mashine inasimama mbali, na meno hayafiki. Kwa hiyo paleti iliyo chini nayo iwe ya wazi, na iwe imekaa imeelekea njiani sawasawa. Nusu ya mzigo uliokuwa sakafuni ulikuwa umekalia za kufuli. Hata wangetenga zile 31 za wazi kwa ajili ya juu, wasingepata pa kuziweka.

Dawa ya kwanza niliyofikiria ni kubadilisha mashine. Ipo staka ambayo miguu yake imekaa pembeni, nje ya paleti, inaikumbatia paleti kutoka kushoto na kulia. Hiyo haijali chini kuna mbao gani, kwa sababu hakuna mguu unaoingia. Wangeniuliza mwezi Desemba, hiyo ndiyo ningewaambia. Ina gharama yake ya nafasi: kati ya paleti na paleti lazima uache pengo la mguu, kama sentimita 20 badala ya 10 waliyokuwa wakiacha, na kwenye mstari wa mita 12 unapoteza paleti moja. Hilo lingevumilika. Lakini muuzaji hakukubali kuirudisha mashine iliyokwisha kutumika, na sikuona kosa lake. Aliulizwa tani na mita, akajibu tani na mita.

Basi tukabadilisha paleti. Seremala yuko Pasua, palepale Moshi, mbao ni za paini. Tulichora pamoja sakafuni kwa chaki: sentimita 100 kwa 120, magogo matatu ya inchi 2 kwa 4 yakiwa yamesimama, na chini ya kila gogo ubao wa inchi 1 kwa 6 umekwenda kwa urefu. Chini panabaki njia mbili zilizo wazi kabisa, kila moja sentimita 27 na ushei. Meno ya staka yao, kutoka nje mpaka nje, ni sentimita 55, na kila jino ni 16. Linaingia na kubakiza vidole viwili upande wa ndani na vinne hivi upande wa nje. Ule ubao wa 1 kwa 6 una upana mara tatu ya gogo, kwa hiyo mifuko ya chini inapumua. Na nikaongeza karatasi ya plaiwudi juu ya mzigo wa chini kabla ya kuweka wa pili. Mwenye ghala alinuna kwenye plaiwudi. Nilimwonyesha daftari la mama.

Sampuli ya kwanza ilikataa. Seremala alilaza 2 kwa 4 kwa ubavu, kaona paleti itatulia vizuri zaidi, ikabaki nafasi ya inchi 3 tu kutoka sakafuni, sentimita 7.5. Meno yakishuka mpaka mwisho yana sentimita 8.5. Tulisimama watu wanne tunatazama sentimita moja. Ya pili aliisimamisha, ikaingia kama droo. Akatengeneza 60, kwa awamu, na zile za wazi 31 zikaendelea na kazi. Za kufuli hazikutupwa: zinabaki sakafuni upande wa vipuri vya pampu za kunyunyizia, mzigo usiohama.

Kilichonitia wasiwasi zaidi kuliko staka sikuitiwa kabisa. Baraza lile lina mteremko kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasiingie ghalani. Nilipima kwa ubao wa futi 6 na pima maji: karibu asilimia 2. Tani moja juu ya mteremko huo inavutwa kuelekea ukingoni kwa nguvu ya kama kilo 20, na hiyo inakaribia kabisa nguvu ya kuiburuta jeki yenyewe kwenye sakafu laini. Yaani jeki iliyobeba mzigo, rola zikiwa zimepakwa grisi vizuri, inaweza kuondoka yenyewe. Jeki nyingi za mkono hazina breki. Breki yake ni kushusha mzigo sakafuni, na kijana aliyeitwa aje kusaidia kitu haraka hashushi. Ukingo wa mita 1.1, na chini yake watu wanashusha mifuko. Nilisema siondoki kabla gogo la 4 kwa 4 halijafungwa kwa bolti ukingoni mwote, isipokuwa mahali lori linapokaa. Mwenye ghala akasema tutalifanya wiki ijayo. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwangukia yeye mwajiri, si kibarua aliyeiacha jeki peke yake. Likafungwa kesho yake.

Alikuwa na ndoto nyingine pia, kwamba mashine ingepunguza vibarua barazani. Haikupunguza. Alitaka tuweke bati nene la chuma kati ya lori na baraza ili jeki iingie mpaka ndani ya lori. Sakafu ya lori iko sentimita 25 juu ya baraza likiwa na mzigo, na inazidi kupanda springi zinavyopata nafuu. Kwenye bati la mita 1.5 huo ni mteremko wa asilimia 17: tani moja ingemsukuma mvutaji kwa kilo 170. Na hata lingekuwa tambarare, mzigo wenyewe umekuja bila paleti. Mpaka huko Dar es Salaam watakapopakia kwa paleti, bega litabaki pale. Kilichopungua ni kule kupanda juu ya mbolea, na lori la mifuko 600, ambalo lilikuwa linakula siku nzima, sasa linaondoka saa 9 alasiri.

Njia ya mita 2.4 bado ni ndogo. Nguzo mbili zimeshakwaruzwa rangi, na dereva amejifunza kuingia kwa kurudi nyuma. Daftari la mifuko iliyochanika mama anaendelea kuliandika. Mwezi wa Machi lilikuwa na mistari minne.

Mwezi wa Juni alinitumia picha kwa WhatsApp. Kulikuwa na mzigo wa mbegu unakuja na paleti zake wenyewe, na msambazaji alikuwa amemtumia picha nzuri ya mzigo umefungwa nailoni, unang'aa. Mama alikuwa amemrudishia ujumbe: apige nyingine. Hiyo ya pili ndiyo aliyonitumia mimi, imepigwa na mtu aliyelala chali sakafuni, inaonyesha tumbo la paleti na mbao pande zote nne.

"Fundi," ameandika, "nizikatae?"